Ripoti kwa Elinami, Sehemu ya Kwanza hadi ya Tisa

Mwanangu, uliniandikia:
mama, usihukumu kabla hujatazama.
Haya. Nimetazama.
Sehemu tisa kwa siku nne, hapa Ibra,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la tende,
sauti chini, kiyoyozi kikikohoa,
Bibi Zuwena kalala kitandani kwake,
au ndivyo nilivyodhani.

Naanza na damu, maana ni nyingi.
Damu ya katuni hiyo haigandi, umeona?
Inaruka kama bomba lililopasuka,
na picha inayofuata ukuta ni mweupe.
Mimi ndiye ninayefua mashuka ya mgonjwa.
Damu hutaka maji baridi, chumvi, na subira,
na bado doa hubaki, rangi ya chai.
Mchoraji wenu hajawahi kufua.

Halafu yule msichana wa upanga.
Kila anapoua, anamlipa pepo kumbukumbu moja:
leo jina la mtaa wao,
kesho harufu ya wali wa mama yake.
Hapo nilisimamisha picha.
Nikaenda jikoni kukunja vitambaa
vilivyokwisha kunjwa.
Miaka mitatu, Elinami.
Sauti yako ilivunjika, ikawa nzito,
nami sikuwapo.

Sasa sehemu ya sita, bafuni.
Usijifanye hukumbuki.
Katika Maandiko yuko mfalme aliyepanda darini
akamwona mke wa mtu akioga.
Alimwona, basi. Habari haikubaki na yule mwanamke,
ilimgeukia mfalme,
ikamfuata hadi kaburi la mtoto.
Katuni yako iliona, ikakaa.
Ikazunguka. Ikarudi. Ikahesabu matone.
Na yule binti, ulimi wembe sehemu tano nzima,
dakika mbili hakupewa hata neno.

Mimi siogopi mwili.
Kila asubuhi namwosha Bibi Zuwena,
nafunika upande huu nikiosha ule,
na nikimaliza namwambia tumemaliza,
ajue mkono wangu umeondoka.
Kilichonichoma si uchi.
Ni kwamba hakuna aliyemfunika.

Ndipo sauti ikatoka kitandani,
Kiunguja chake cha zamani, hakijachuja:
"Aikande, mtoto huyo mbona kaachwa vile?
Hana mwenyewe?"
"Bibi, ni katuni."
"Najua ni katuni. Mpe kanga."

Tangu usiku ule tunatazama wawili,
yeye na tasbihi yake, mimi na daftari la kanisa.
Hajui Kijapani, mimi namsomea maandishi ya chini
na mahali pengine nayasoma vibaya makusudi.
Pepo akitokea anamtukana,
na matusi yale sikuyaandika.

Sehemu ya tisa.
Msichana amemuua aliyemfuata miaka yote,
na hakumbuki tena kwa nini alimfuata.
Anasimama. Mvua.
Kisha anachota maji kwa viganja,
anamwosha maiti uso.
Hakuna aliyemfundisha, au alikuwapo amemsahau,
lakini mikono haikuwa kwenye mkataba.
Nikasema Amina.
Bibi akasema Amin.
Hatukutazamana.

Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu,
mama mchungaji wa Ghala atataka jibu moja:
inafaa, au haifai?
Basi ni saa mbili njiani hadi Maskati,
na ningali silijui.
Najua tu kwamba pepo yule alikuwa mwongo wa kweli,
anauza kama wanavyouza,
kidogo kidogo, kwa bei ya kirafiki,
na hilo sijawahi kulisikia mimbarini
likisemwa vizuri hivyo.

Wewe lakini, ukifika ile ya sita,
tazama pembeni,
kama unavyopisha mlango mtu anapovaa.
Sikuamrishi. Umeshanipita urefu, wanasema.

Ya kumi usiitazame peke yako.
Piga saa tatu za usiku huko, huku ni saa nne,
tuitazame pamoja, watatu.
Bibi anauliza tangu alfajiri
kama yule mtoto amepata nguo.